Safari ya Mpala pamoja na mtoto

Wengi wetu tunaokaa Kalemie tukiulizwa kwetu ni wapi, twajibu upesi: Mpala, au Kirungu. Lakini mtu akituuliza tena, "Na kabla ya Mpala?", twanyamaza. Baba wa babu yetu alikuwa mtu wa Mpala; babu hakusema zaidi ya hayo, na marehemu baba yetu hakumwuliza. Mwaka huu tumekusudia kwenda kuuliza sisi wenyewe, wakati wa likizo ya Pasaka, pamoja na watoto wetu watatu. Aliye mdogo hajatimiza bado miaka miwili.

Jirani zetu wametulaumu, na maneno yao si ya bure. Huko Ulaya mwezi wa tatu ni mwanzo wa majira ya maua, na watu hufurahi kutoka nje. Kwetu ni mvua, matope na mbu. Tulifikiri kungoja kiangazi. Lakini kiangazi nacho kina shida yake, kwa maana kuanzia mwezi wa tano upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa, na usiku wa Kirungu, kule juu ya milima, ni wa baridi kwa mtoto. Tena shangazi yetu anayekaa Kirungu amepita miaka 80. Sababu hiyo ndiyo iliyotushinda. Baba yetu alipougua, tulisema: na apone kwanza, ndipo atatusimulia vizuri. Hakupona.

Mpala yenyewe haikuanza kama misioni. Mwaka wa 1883 askari Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma pale ukingoni mwa ziwa; mwaka wa 1885 boma lile likatiwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Kapiteni Joubert alifika mwaka wa 1887 ili kuwalinda watu wa pwani ile na wawinda-watumwa. Mwaka wa 1893 Padri Victor Roelens, ambaye baadaye alifanywa Askofu, alianzisha misioni ya Baudouinville huko Kirungu, na hapo ndipo Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917. Haya watoto wetu wakubwa wamekwisha kuyasikia. Wasiyoyasikia ni habari ya watoto wa siku zile. Misafara ya watumwa ilipita ikielekea ziwani, na mapadri waliwakomboa watoto kwa mali, wakawalea misioni. Walipokua wakaoana, wakapewa mashamba katika vijiji vya Wakristu. Wengi waliletwa kutoka mbali, hata hawakukumbuka jina la kijiji chao.

Twadhani baba wa babu yetu alikuwa mmoja wao. Mzee mmoja wa jamaa alipopata habari ya safari yetu alituonya: "Mkifukua huko, mtafukua aibu." Tulimsikiliza kwa heshima, lakini hatukukubaliana naye. Aibu ni ya yule aliyemfunga mtoto kamba shingoni na ya yule aliyemwuza. Mtoto ana aibu gani? Hata hivyo tumeona kwamba neno hili lataka kusemwa kwa utaratibu, na si mbele ya wageni. Wale wakubwa wawili tumekwisha kuwaambia jioni moja baada ya sala. Wa kwanza aliuliza kama mama wa mtoto yule alimtafuta. Hatukuwa na jibu.

Sasa habari ya vitabu. Katika kitabu cha ubatizo padri huandika jina la mbatizwa, la wazazi wake, la wasimamizi, la padri aliyebatiza, pamoja na mahali na siku. Katika vitabu vya zamani maneno ni ya Kilatini. Ukingoni mwa ukurasa huongezwa habari ya kipaimara na ya ndoa. Kwa hiyo anayetafuta asisome mstari tu, asome na ukingo. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917 iliamuru kwamba kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu vya parokia ipelekwe kwa Askofu. Mwenye mtoto mdogo na aulize kwanza katika ofisi ya jimbo. Labda atajiepusha na nusu ya safari. Na asifike kwa padri ghafula akidai kufunguliwa kabati. Sisi tumeandika barua mapema, tukitaja majina tunayoyajua na miaka tunayoikadiria, nasi tutaingia bila mdogo wetu, kwa maana karatasi za miaka mia moja na vidole vyenye uji havipatani.

Lakini kitabu hakitasema yote, na hili twalitilia mkazo. Padri aliandika jina la baba, kumbe Watabwa huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto aliyekombolewa hakuwa na ukoo pwani ile. Alipooa binti wa milima ya Marungu, watoto wake wakawa wa ukoo wa mama yao. Basi babu yetu hakuwa mtu asiye na kwao, hata kama mstari wa baba yake ni mtupu. Jina la ukoo ule twalitaka kuliko jina lo lote lililo katika kitabu, na shangazi analijua. Tulipomwuliza kwa simu alicheka: "Wanangu, mambo ya ukoo hayasemwi katika simu. Mleteni yule mdogo nimweke magotini, nitasema."

Hivyo mtoto hawezi kubaki. Basi tumeikata safari ilingane naye: mahali pawili tu, Mpala na Kirungu, na siku moja katikati ya kupumzika. Mazungumzo na wazee yatakuwa asubuhi, kwa sababu saa saba mchana yeye hulala, na asipolala hakuna atakayesikilizwa. Tutachukua chandarua chenye dawa, maji yaliyochemshwa, na unga wa uji wake wa kila siku. Akiharisha, tutampa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akishikwa na homa, tutampeleka siku ile ile penye muuguzi, hata kama mzee yupo katikati ya hadithi.

Ziwa ndilo linalotutia hofu zaidi. Wenyeji wa Kalemie hawajasahau mwezi wa Desemba 2014, meli Mutambala ilipozama na watu zaidi ya 100 wakafa. Kwa hiyo tumepatana hivi: kila mmoja wetu atavaa vazi la kuelea, na la mdogo liwe la kipimo chake, chombo kikijazwa kupita kiasi, tutashuka, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Mbingu ikiwa nyeusi upande wa Marungu, tutalala pwani. Kuhusu amani ya njia tutawauliza wanaotoka huko juma lile lile, maana habari za mwezi uliopita hazitoshi.

Tumenunua daftari moja lenye jalada gumu. Katika ukurasa wa kwanza tumeandika jina la mdogo wetu, chini yake jina la baba, kisha la babu, kisha Mpala. Kurasa zinazofuata tumeziacha kwa shangazi.