Hukumu Isiyo na Mwisho: Askari Aliyeachishwa na Haki ya Kusikilizwa



Mzee mmoja wa huku kwetu Magu alinijia ofisini baada ya Misa ya asubuhi, mkononi akiwa na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni. Nilidhani ameleta cheti cha ubatizo cha mjukuu. Kumbe alikuwa na karatasi moja tu, iliyochakaa kwenye mikunjo hata ikalazimu kuunganishwa kwa gundi. Ilikuwa hati yake ya kuachishwa jeshi. Ilitaja jina lake, namba yake, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Mahali pa sababu palikuwa na maneno mawili: mwenendo mbaya.

Aliniambia, "Padre, sikuja kuomba hela. Nataka kabla sijafa mtu anisikilize. Akishanisikiliza, akiona maneno haya yabadilishwe, ayabadilishe. Akiona yanastahili kubaki, yabaki. Lakini kwanza nisikilizwe."

Mzee huyu alivuka kwenda Uganda mwaka 1979. Alirudi mzima wa viungo, ila usingizi haukurudi naye. Baadaye alipewa ruhusa ya kwenda kumzika mama yake, akakaa nyumbani siku nyingi kupita alizopewa. Kosa hilo alilikiri mbele yangu bila kuzungukazunguka. Sitataja kikosi chake wala ofisi yoyote aliyobisha hodi, kwa maana upande wa pili sikuusikia, nami siwezi kuitetea haki ya kusikilizwa kwa kuivunja. Sisemi kwamba alionewa. Ninalosema ni hili: mtu akishaadhibiwa kwa karatasi, lazima pawepo mahali anapoweza kuipeleka karatasi hiyo ikaangaliwa upya, na mahali hapo pafikike na mkulima wa pamba wa Kabila au mvuvi wa Kahangara.

Adhabu inayomfuata mtu kila siku

Wako watakaosema kwamba karatasi ni karatasi tu. Wanaosema hivyo hawajapata kuomba kazi ya ulinzi katika kiwanda cha samaki Mwanza na kuulizwa, "Ulitokaje jeshini?" Hawajasikia mkutano wa kijiji ukicheka mtu anapopendekezwa kuwa mjumbe: "Huyu si alifukuzwa?" Mwizi akimaliza kifungo chake, siku ya kutoka inajulikana. Aliyeachishwa kwa sifa mbaya hana siku ya kutoka. Anaibeba hukumu hiyo kwenye ajira, kwenye mafao, kwenye posa za binti zake, na mwishowe kwenye wasifu unaosomwa kaburini, pale familia inapoamua kuiruka miaka yake ya jeshini kana kwamba hakuiishi.

Mimi nilizaliwa baada ya vita ile. Nimesimuliwa na wazee jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jinsi Mwalimu Nyerere alivyolitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba tutapigana. Jinsi vijana wa Usukuma walivyoondoka, wengine askari wa kudumu na wengine mgambo waliotoka shambani moja kwa moja. Mwanza yenyewe ilionja vita: mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilidondosha mabomu yaliyoangukia kisiwa cha Saanane. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Wote tunaijua sherehe ya ushindi. Ni wachache wanaojua hesabu ya waliorudi na majeraha yasiyofungwa bandeji, kisha wakaanza kulewa, kugombana, kutoroka kambini. Katika miaka ile nani aliyeuliza kama kosa la askari lilikuwa uasi au lilikuwa ugonjwa?

Somo la mwaka 1964

Taifa letu limewahi kuonja jambo hili kwa upana. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai nyongeza ya mshahara, na maofisa wa Kiingereza waondolewe, Waafrika washike nafasi zao. Maasi yakafika Tabora. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Serikali yetu, makomando wa Kiingereza waliyazima. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Kuasi kwa silaha dhidi ya Serikali halali lilikuwa kosa kubwa, wala sitaki msomaji adhani ninalipamba. Hata hivyo tazameni adhabu zilivyogawanyika. Wachache walioshitakiwa kuwa viongozi wa maasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Walisomewa mashitaka, wakajitetea, na waliopatikana na hatia wakafungwa. Kifungo kirefu kuliko vyote kilikuwa miaka 15. Walio wengi hawakufikishwa mahakamani. Waliachishwa, wakarudishwa makwao.

Kwa haraka tutasema hao wa pili walihurumiwa. Kwa upande mmoja ni kweli, maana hawakulala gerezani. Kwa upande mwingine wao ndio waliopata hukumu isiyo na mwisho. Kiongozi wa maasi alijua mwaka wa kutoka. Askari aliyeachishwa bila shauri hakujua. Kati yao bila shaka walikuwamo waliopiga kelele, walikuwamo waliofuata mkumbo kwa hofu, na walikuwamo waliokuwa zamu tu usiku ule. Bila shauri, wote waliandikwa kwa kalamu moja. Taifa lilikuwa changa na lilikuwa hatarini. Naelewa kwa nini lilitenda kwa haraka. Ila haraka ya Januari 1964 haitoi sababu ya kuufunga mlango kwa miaka iliyofuata.

Taifa jingine lililochelewa

Jambo hili si letu peke yetu. Mwezi Agosti 1906, katika mji wa Brownsville, Texas, risasi zilipigwa usiku na mtu mmoja akauawa. Wakazi wa mji waliwashutumu askari weusi wa kambi ya jirani. Askari wale walikana. Rais Theodore Roosevelt aliwaachisha jeshi askari 167 bila heshima, na bila kesi yoyote, kwa hoja kwamba walikataa kutajana. Mwaka 1972 Jeshi la Marekani lilikiri kosa na kuzibadili hati zao ziwe za heshima. Ilikuwa imepita miaka 66. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja aliyekuwa hai, Dorsie Willis, alikuwa mzee mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, aliyeishi kwa kung'arisha viatu kwa miaka zaidi ya 50. Baadaye alilipwa dola 25,000.

Taifa hilo lina dhambi zake nyingi, nami silileti hapa liwe mwalimu wetu wa maadili. Nalileta kwa jambo moja. Kwa sheria ya mwaka 1944 ziliundwa huko bodi za kupitia upya hati za walioachishwa, na askari wa zamani ana miaka 15 ya kupeleka ombi lake. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, aliagiza kwamba maombi ya waliopata majeraha ya akili vitani, hasa wale wa Vietnam, yapimwe kwa moyo mpana, kwa sababu huenda kosa lilitokana na jeraha. Jeshi lile halikusambaratika kwa sababu ya kuwasikiliza wazee wake.

Paulo alikataa kutoka kimyakimya

Wapo wacha Mungu watakaomwambia mzee wetu, "Samehe, sahau, Mungu anakujua." Maneno hayo ni mazuri, na mara nyingine ni njia ya kumnyamazisha maskini. Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 16. Kule Filipi, Paulo na Sila walichapwa viboko hadharani pasipo kuhukumiwa, wakatupwa gerezani. Asubuhi wakuu wa mji walituma watu wawafungue waende zao kwa siri. Paulo alikataa. Alitaka wakuu waje wenyewe kuwatoa. Je, Paulo hakujua kusamehe? Alijua. Ila aliona kwamba aibu iliyotendwa hadharani haiondolewi mafichoni, na kwamba akinyamaza, ndugu wa Filipi watabaki na doa lake. Tena katika Injili ya Yohane, sura ya 7, Nikodemo anawauliza Mafarisayo wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Hakusema Yesu hana hatia. Alidai tu asikilizwe. Swali la mzee wangu ni lile lile la Nikodemo.

Majibu kwa wanaopinga

Wanasema: jeshi ni nidhamu, na mkifungua mlango huu kila mtoro atajifanya mgonjwa. Najibu: nidhamu ya kweli haiogopi kuchunguzwa. Anayepitia hati ana uwezo wa kukataa. Mtoro aliyestahili adhabu atajibiwa hivyo, kwa sababu zilizoandikwa, naye atakuwa amepata haki yake.

Wanasema: mambo ya jeshi ni siri. Najibu: mipango ya vita ni siri. Mwenendo wa mtu mmoja aliyekaa siku nyingi mno msibani miaka 40 iliyopita hauwezi kuwa siri ya taifa.

Wanasema: itagharimu fedha nyingi. Najibu: tutenganishe mambo mawili. Mafao yana hesabu zake na sheria zake. Jina jema halina gharama kwa Hazina. Wazee wengi wangeridhika hati iseme ukweli wote: kwamba mtu huyu alitumikia miaka kadha, alikwenda vitani, na alitenda kosa hili. Hati inayotaja kosa na kuficha utumishi imesema nusu ya ukweli.

Wanasema: wamekwisha zeeka, ya nini sasa? Hilo ndilo jibu baya kuliko yote. Kijana wa miaka 20 wa mwaka 1979 amepita miaka 65. Tukingoja zaidi, tutasahihisha makaburi.

Sheria yetu inasema nini

Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Ibara ya 12 inatambua kwamba kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13(6) inataka mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine asikilizwe kwa ukamilifu, na awe na njia ya rufani au nafuu nyingine ya kisheria. Msingi huo ni mzuri. Lakini anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chombo cha umma anatakiwa aombe ruhusa ndani ya miezi sita. Askari aliyerudi kijijini akiwa na aibu, hajui sheria, hana nauli ya kufika Mwanza, atajuaje kwamba saa inahesabu? Kufikia siku anapopata ujasiri wa kuitoa bahasha, sheria imekwisha mpita.

Kwa hiyo tunadai kiwekwe chombo kilicho wazi, chenye watu wa jeshi na watu wa sheria pamoja na daktari, kinachopokea maombi ya askari wa zamani bila kikwazo cha miezi sita, kinachotoa sababu kwa maandishi, na kinachoweza kupokea ombi lililowasilishwa wilayani. Wabunge wetu waulizwe juu ya hili kila wanapokuja kuomba kura.

Na sisi wenyewe

Naomba sasa nikiri. Mzee yule alipata kupendekezwa kuwa mwenyekiti wa Jumuiya yake Ndogo ya Kikristo. Minong'ono ikaanza: alifukuzwa jeshini. Jina lake likaondolewa. Nilisikia, na nilinyamaza, nikiona ni busara ya kichungaji. Ilikuwa woga. Tuliitumia karatasi ambayo hatukuwahi hata kuisoma. Kabla ya kuidai Serikali isikilize, Kanisa lisikilize kwanza.

Basi kila Jumuiya ifanye haya. Watafuteni askari wa zamani walio kati yenu. Wasaidieni kuandika habari zao wangali na kumbukumbu: namba ya jeshi, kikosi, tarehe, majina ya wenzao walio hai wanaoweza kutoa ushahidi, karatasi za hospitali kama zipo. Tunzeni nakala parokiani, maana nyumba za nyasi huungua na mchwa hawachagui. Wapelekeni kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao wajibu wao ni kuwahudumia wasio na uwezo. Lipelekeni shauri pia kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na mtu asiitwe tena mfukuzwa, kanisani wala kilabuni.

Mzee ameniachia nakala ya hati yake. Tumeandika barua ya kwanza pamoja, yeye akisema na mimi nikiandika, na sehemu ya kosa alitaka iandikwe waziwazi. Jibu bado. Jumapili ijayo Jumuiya yake itakutana tena kuchagua mwenyekiti. Safari hii nitakuwapo, na sitanyamaza.