Nani Analipia Maji ya Kiti cha Meno?

Makamanda, leo siongelei katiba mpya wala tume ya uchaguzi. Naongelea maji. Yale yanayoingia mdomoni mwako ukiwa umelala kwenye kiti cha meno, umeachama, huwezi hata kuuliza swali.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo kwenye kliniki moja ya meno hapa kwetu Mchikichini. Kliniki ndogo, iko juu, chini wanauza mitumba. Jino lilimsumbua wiki nzima, tukaenda azibiwe. Kabla ya kuanza, dada msaidizi akafungua kichupa kilichoning'inia pembeni ya kiti, akakijaza maji kutoka kwenye dumu la njano, akakirudisha. Basi. Kile kimashine kikaanza kulia ziii, maji yakawa yanamrukia mama mdogo mdomoni.

Dumu lile nalijua. Wiki hiyo maji yalikuwa yamekata mtaani, na madumu kama hayo ndiyo tuliyokuwa tunanunua sote kwa wauza maji wa mikokoteni.

Tulipomaliza nikamvizia dokta. "Samahani dokta, hayo maji mnayasafishaje?" Hakukasirika. Akacheka kidogo, akasema, "Mdogo wangu, unataka jibu la kitabuni au jibu la hapa Mchikichini?"

Nikataka yote mawili.

Jibu la kitabuni linaanza na kitu unachokijua. Acha maji kwenye dumu siku tatu, halafu pitisha kidole ndani. Utashika utelezi. Ule utelezi ni bakteria waliojishikiza ukutani na kujijengea nyumba. Sasa chukua mirija myembamba ya kiti cha meno. Maji yanalala humo usiku kucha, Jumapili yanashinda humo, na hata yakitembea, yale yanayogusa ukuta wa mrija hayasogei sana. Utelezi unajijenga, na kila kimashine kikiwashwa vipande vyake vinaweza kumeguka na kwenda mdomoni. Kubadilisha maji peke yake hakutoshi, kwa sababu hata maji safi kabisa yakipita kwenye mrija mchafu yanatoka machafu.

Kwa hiyo kazi ni hii. Kuachia maji yatiririke kwa sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Kutumia dawa ya kuua vijidudu kila siku au kila baada ya muda, kama mtengenezaji wa kiti anavyoelekeza. Kwa upasuaji, kutumia maji tasa yanayopita kwenye njia yake ya pekee, siyo mirija ile ya kawaida. Na kupima. Kiwango kinachotumiwa na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ni bakteria wasiozidi 500 kwa kila mililita kwa matibabu yasiyo ya upasuaji.

Jibu la Mchikichini lilikuwa fupi. "Dawa naagiza. Ikiisha, nasubiri hela. Maji ya kutiririsha nayanunua kwa dumu, sasa nimwage? Kupima sijawahi. Mgonjwa akija anauliza bei ya kuziba jino, haulizi bei ya maji. Nikiongeza elfu tano tu, anahamia kwa jirani."

Tusidanganyane, huyu dokta si mtu mbaya. Amesema ukweli ambao wengi wanaukwepa: gharama ya kusafisha mirija ipo, ila hakuna anayeiona. Na gharama isiyoonekana ndiyo inayokatwa kwanza.

Kuna atakayesema naleta hofu, mbona watu wanatibiwa meno kila siku na wako fiti? Kweli, wengi hawapati shida. Lakini wanaopata, wanapata kweli. Mwaka 2015 kwenye jimbo la Georgia, Marekani, watoto waliotibiwa kiini cha jino kwenye kliniki moja walipata maambukizi mabaya ya taya. Maji ya vituo vyote saba vya kliniki ile yalipopimwa, yote yalizidi kile kiwango cha 500. Mwaka uliofuata ikatokea California, safari hii wagonjwa 71, waliothibitishwa na waliodhaniwa, wengine wakipoteza meno ya kudumu na vipande vya mfupa wa taya. Italia, mwaka 2011, mama wa miaka 82 alifariki kwa nimonia ya Legionella, na bakteria yuleyule akakutwa kwenye mirija ya kliniki yake ya meno. Tarehe 31 Oktoba 2022 CDC ikatoa tahadhari kwa watoa huduma wote wa meno nchini mwao. Mwezi huohuo wa Oktoba 2022, sisi Dar es Salaam tulikuwa tunatangaziwa mgao wa maji kwa sababu Ruvu imepungua.

Sasa niingie kwenye fani yangu. Kila mwanafunzi wa sheria anakutana na konokono mwaka wa kwanza. Mwaka 1928 huko Paisley, Scotland, Bi Donoghue alikunywa soda ya tangawizi kutoka kwenye chupa nyeusi isiyoonyesha ndani, akadai ametokewa na konokono aliyeoza. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza wakasema mtengenezaji ana wajibu wa kumjali mtu atakayekunywa, kwa kuwa huyo hana namna ya kuchungulia ndani. Mahakama zetu zimerithi kanuni hiyo. Na mrija wa kiti cha meno ni chupa nyeusi vilevile. Mgonjwa haoni ndani.

Ila kuna kipande cha kesi ile ambacho watu wanakisahau. Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwepo. Majaji waliamua hoja ya kisheria tu, baadaye shauri likaisha kwa maelewano.

Huku kwetu anayedai ndiye anayethibitisha. Haya, mama mdogo akivimba taya baada ya miezi miwili, athibitishe nini? Maji ya siku ile yameshamwagika kwenye sinki. Hakuna kipimo, hakuna daftari. Baraza la Madaktari Tanganyika lipo na unaweza kupeleka malalamiko, lakini malalamiko yasiyo na karatasi ni maneno ya mgonjwa dhidi ya maneno ya dokta. Kule Georgia walikamata tatizo kwa sababu hospitali iliyopokea watoto ilitoa taarifa na mamlaka ya afya ikaenda kupima maji. Haki ya mgonjwa inaanzia kwenye kumbukumbu iliyoandikwa kabla hajaumia.

Ndiyo maana naomba hoja hii tuibebe kama vijana wa upinzani. Mosi, kila kliniki ya meno, ya serikali na ya binafsi, iwe na daftari la maji: dawa imewekwa lini, kipimo kimefanyika lini, majibu ni nini. Majibu ya mwisho yabandikwe ukutani pale mapokezi, karibu na leseni. Asiyekuwa nalo asihuishiwe leseni.

Pili, serikali isimwachie dokta mdogo mzigo huu peke yake. Maabara za umma zipime maji ya kliniki kwa bei ambayo kliniki ya mtaani inaiweza. Na bei za bima zihesabu gharama hii. Machi 2024 tuliona hospitali binafsi kadhaa zikisitisha kuhudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kama bei ya kuziba jino haina nafasi ya maji safi, tunawapa watu wote kadi ya kwenda kunywea kwenye dumu.

Tatu, maji yenyewe. Huwezi kumwambia mtu atiririshe maji kila mgonjwa wakati bomba lake limekauka. Viongozi wetu wanapenda kukata utepe kwenye majengo mapya. Sijawahi kuona utepe umefungwa kwenye mrija.

Najua hofu ya dokta: sheria ikibana, bei itapanda na watu watakimbilia wang'oa meno wa uchochoroni. Ndiyo maana sitaki faini zitangulie msaada. Na wewe unayesoma, usiache kwenda kutibiwa. Jino lililooza ukaliacha linaweza kukuua mapema kuliko maji ya kiti.

Mama mdogo yuko salama, anakula mahindi ya kuchoma kama kawaida. Mwezi ujao anarudi kusafishwa meno, palepale, kwa sababu ndipo anapopaweza. Nitamsindikiza tena. Kabla hajalala kwenye kiti nitauliza, kwa heshima: "Dokta, naomba kuona daftari la maji." Hana, najua. Lakini nikiuliza mimi, ukauliza na wewe wa Buguruni, na yule wa Manzese, halafu diwani akaulizwa kwenye mkutano wa mtaa, hatasema tena kwamba mgonjwa haulizi bei ya maji.