Mtoto aliyeumia uwanjani anamwogopa nani?

Wiki ya michezo ya shule imekwisha, na kama ilivyo kila mwaka, Jumatatu yake kliniki inajaa watoto wanaochechemea. Wengi wana michubuko ya kawaida. Mmoja nitamweleza kwa kirefu kidogo.

Ni mvulana wa miaka 12, beki wa kati. Ijumaa aligongana vichwa na mwenzake wakiwania mpira wa kona. Akaanguka, akalala chini kwa muda, akanyanyuka. Wakammwagia maji kichwani, wakamuuliza kama yuko sawa, akaitikia kwa kichwa na kucheza dakika zote zilizobaki. Usiku akatapika. Mama alidhani ni chipsi za uwanjani. Jumapili alishindwa kusoma daftari lake kwa sababu maandishi yalikuwa yanamcheza machoni, ndipo wakaamua kumleta.

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale pale. Alimtazama mama yake kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya chini: “Baba alikuwepo. Alikuwa ameshawaambia watu kwamba mimi ni mwanawe.”

Msomaji, rudia kulisoma jibu hilo. Mtoto yule alijua kwamba anaumwa. Alichokosa ni mtu mzima wa kumwambia bila kuogopa kumwaibisha.

Alichokuwa nacho ni mtikisiko wa ubongo. Ubongo hutikiswa ndani ya fuvu hata kama hakuna jeraha linaloonekana nje, na wengi hawazimii kabisa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona maluweluwe, kuchanganyikiwa, kusahau kilichotokea, au mtoto mchangamfu kugeuka mzito na mkali. Wengi hupona vizuri wakipumzishwa. Hatari kubwa ni kugongwa tena kabla ubongo haujapona: ni nadra, lakini ubongo unaweza kuvimba ghafla na kuua. Ndiyo maana kanuni ni moja tu, na haihitaji shahada ya udaktari. Ukishuku, mtoe mtoto uwanjani, na asirudi siku hiyo hata akikuapia kwamba amepona. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuongeza nafasi ya kumbadilisha mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko, ili timu isiumie kwa kumtoa. Hao ni watu wazima wanaolipwa. Watoto wetu wa shule ya msingi tunawamwagia maji na kuwarudisha kucheza.

Simaanishi watoto wasicheze. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na ninaona zaidi ya kutosha wanaoumwa kwa kukaa. Maoni yangu ni kwamba jeraha dogo la mtoto mara nyingi hugeuka kubwa kwa sababu ya maneno ya watu wazima waliosimama kando ya mstari. “Kaza, wewe ni mwanaume!” “Acha kudeka!” “Tumekununulia viatu vya nini?” Mtoto akishayasikia hayo mara tatu, ya nne atanyamaza.

Nami si malaika. Mwaka juzi binti yangu alikuwa akicheza netiboli, nikajikuta nimesimama juu ya kiti nikipiga kelele, “Mkabe! Mkabe huyo!” Mwamuzi, msichana ambaye nadhani alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, akapata yake pia kutoka kwangu. Njiani kurudi nyumbani binti akaniambia, “Mama, ukipiga kelele sisikii filimbi.” Hakusema zaidi. Siku hizi nikienda nanunua karanga, nakaa chini, natafuna.

Kwa wazazi nina ombi dogo. Mtoto akirudi kutoka mechi, swali la kwanza lisiwe “Mmefungwa ngapi?” Muulize kama amefurahia, kisha muulize kama kuna mahali panauma. Akisema panauma, mwamini. Akidanganya ili akwepe mazoezi, hilo nalo ni habari: huenda kuna jambo huko mazoezini linalomkimbiza.

Usimpeleke kuchuliwa wala kumkanda kwa maji ya moto siku ileile. Wazazi wengi wanatangulia kwa mtaalamu wa kuchua wa mtaani, kwangu wanakuja wa mwisho. Mifupa ya mtoto anayekua ina sehemu laini karibu na maungio, na sehemu hiyo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Kile ambacho kwa mtu mzima kingekuwa kuteguka, kwa mtoto kinaweza kuwa ni kuvunjika mahali pale mfupa unaporefukia. Ukiuvuta na kuuchua, unaweza kuharibu ukuaji wa mguu mzima. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, inua mguu, na kama hawezi kuukanyagia, mlete apigwe picha.

Walimu wa michezo na makocha, nafahamu mnafundisha kwa moyo, wengi bila posho, na vifaa mnanunua kwa fedha zenu. Lakini anayeamua mtoto aendelee kucheza au atoke ni ninyi, na mwenye uamuzi huo hapaswi kuwa anawaza kombe. Msiwape watoto vidonge vya maumivu ili wamalize mechi, kwa maana maumivu ndiyo kengele yenyewe. Mtoto wa miaka 11 au 13 anayelalamika goti chini kidogo ya pia, hasa kipindi anachorefuka haraka, mara nyingi si mvivu. Mshipi unaovuta mfupa pale umechoka kwa kukimbia na kuruka kila siku. Mpunguzieni mazoezi kwa muda, mengi ya haya hutulia.

Jingine ni vijeba. Tunalicheka kama ujanja wa mpira, kijana wa miaka 17 kuchezeshwa na watoto wa miaka 12. Mimi nalitazama kwa kilo. Mwili ule ukimwangukia mwenzake mdogo kwa kasi, anayevunjika ni mdogo. FIFA ilianza kupima vifundo vya mikono kwa MRI katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 ili kuwakamata. Mashindano yetu ya shule hayana mashine hiyo, yana mwalimu mkuu anayesaini fomu.

Kuhusu wasichana nitasema waziwazi. Maneno kuhusu maziwa, makalio na uzito wa mtoto wa kike si utani wa mazoezini. Kocha hachui paja la binti peke yao chumbani. Kambi ya mashindano iwe na mwalimu wa kike anayelala na watoto, na mzazi amjue kwa sura na kwa namba ya simu. Binti akiacha ghafla mchezo alioupenda, usikimbilie kumwita mvivu. Kaa naye.

Na sisi madaktari? Kila msimu naletewa rundo la fomu za afya na mwalimu mmoja, watoto wakiwa shuleni, nami niandike kwamba wote wako fiti. Niliwahi kusaini, miaka ya mwanzo ya kazi, na sijivunii. Fomu ile ipo ili mtu ausikilize moyo wa mtoto, aulize kama amewahi kuzimia akikimbia, kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, kama ana pumu na dawa yake ya kuvuta iko wapi siku ya mechi.

Yule mvulana hakuwa na damu ndani ya fuvu, tunamshukuru Mungu. Amepumzika siku mbili, ameanza na shule, kisha kutembea, kisha kukimbia taratibu, na kugongana na wenzake kutangoja walau wiki tatu na ruhusa ya daktari. Kichwa kingezidi kuuma, angetapika tena na tena, angepata degedege au usingizi usioamshika, ingekuwa ni kumkimbiza hospitali usiku uleule.

Baba yake alikuja safari ya pili. Alikaa kimya karibu muda wote, kisha akauliza kama mwanawe ataruhusiwa kwenda kuwatazama wenzake Jumamosi. Nikamwambia ndiyo, waende wote wawili, wakae kivulini.