Mtoto anayedhaniwa kudhuriwa na ngano: Tusihukumu kwa dhana, wala tusipuuze

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyetuneemesha kwa watoto kisha akatufanya kuwa wachunga wao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda tuzungumzie mtihani unaozipata baadhi ya familia, na mara nyingi huzipata bila ya wenyewe kuujua jina lake. Mtoto alikuwa akinyonya na kustawi vizuri. Alipoanza kupewa mkate, biskuti na uji wa unga uliochanganywa, akaanza kuharisha kwa wiki nyingi. Tumbo likajaa, mikono na mapaja yakakonda, na kadi ya kliniki ikaonyesha kuwa uzito umesimama. Akapewa dawa ya minyoo, akapata nafuu ya siku chache, kisha hali ikarejea kama ilivyokuwa. Mwishowe tabibu akawaambia wazazi: "Huenda mtoto wenu ana maradhi ya seliaki, lakini bado hatujathibitisha."

Neno hilo "huenda" ndilo mada yetu. Mzazi aliyeambiwa kuwa mtoto wake anaumwa hujua aanzie wapi, na aliyeambiwa kuwa ni mzima humshukuru Mola wake. Aliyeambiwa "huenda" hubaki katikati, na hapo katikati ndipo wazazi wengi huteleza, ama kwa haraka, ama kwa uvivu, ama kwa ndimi za watu.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini inayojulikana kwa jina la gluteni. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni huichochea kinga ya mwili ishambulie utumbo mdogo wa mtu mwenyewe. Ndani ya utumbo huo mna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula, na vinyweleo hivyo hulika hadi utumbo ukawa mtupu kama zulia lililochakaa. Mtoto anakula na kushiba, lakini chakula hakimfai kitu. Matokeo yake ni kuharisha, kudumaa, upungufu wa damu na unyonge. Wengine hawaharishi kabisa, bali hufunga choo au hubaki wafupi tu kuliko wenzao.

Maradhi haya hayakuanza jana. Tabibu wa Kiingereza, Samuel Gee, aliyaeleza mwaka 1888, lakini hakujua chanzo chake. Aliyegundua kuwa ngano ndiyo inayodhuru ni tabibu wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliyeandika matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1950 baada ya miaka mingi ya kuwaangalia wagonjwa wake wakila na wakiacha mkate.

Wapo wanaosema kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu, sisi hayatuhusu. Usemi huu si sahihi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 989 wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, ambao ni Waislamu na Waafrika kama sisi. Walikuta kuwa asilimia 5.6 ya watoto hao wanayo. Hicho ni kiwango kikubwa sana, kwani katika nchi nyingi zilizopimwa huwa ni takriban mtu mmoja katika kila watu 100. Watafiti walitaja mambo mawili: nasaba, na kuzoea kula ngano kwa wingi. Nasi tujiulize: tangu chai ya asubuhi hadi futari, ni mara ngapi kwa siku mtoto wa mjini anakula mkate, chapati, maandazi, sambusa au tambi?

Sasa turejee kwa mzazi wetu. Kosa la kwanza linalomkabili ni haraka. Akishasikia neno "ngano" huenda nyumbani akaziondoa chapati zote siku hiyo hiyo. Nia yake ni njema na huruma yake haina shaka, lakini kwa kufanya hivyo huenda akaifunga mwenyewe njia ya kuujua ukweli. Kipimo cha damu cha maradhi haya hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale tu mtu anapoendelea kula gluteni. Akiacha kwa miezi, kingamwili hupungua na utumbo huanza kupona. Mtoto akipimwa wakati huo, jibu linaweza kusema hana kitu hali ya kuwa anacho. Ndipo tabibu hulazimika kuagiza arejeshewe ngano kwa wiki kadhaa ili apimwe upya, na mtoto akaumia mara ya pili. Kwa hiyo kanuni ni hii: mtoto aendelee kula kama alivyozoea mpaka vipimo vimalizike, isipokuwa tabibu mwenyewe, kwa kuiona hali ya mtoto kuwa ni ya hatari, aamue vinginevyo.

Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani kuacha ngano milele bila ya kupima, maadamu mtoto amepata nafuu? Ubaya upo. Seliaki si mwiko wa mwezi mmoja, ni mwiko wa maisha yote, na hata chembe ndogo hudhuru. Si haki kumfunga mtoto kifungo hicho hadi uzeeni kwa dhana tu. Pia nafuu hiyo huenda imetokana na sababu nyingine, na maradhi yenyewe yakabaki ndani. Minyoo, vijidudu vya giadia, mzio wa maziwa ya ng'ombe, kifua kikuu na utapiamlo vyote vinaweza kumfanya mtoto akonde na kuharisha. Mwenyezi Mungu, katika Surat Al-Hujurat aya ya 6, ametuamuru tuihakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Ikiwa amri hiyo imekuja katika habari za watu, basi mwili wa mtoto asiyeweza kujisemea una haki zaidi ya kuhakikishiwa.

Kosa la pili ni kupuuza. Baba husema: "Mtoto huyu mwembamba kwa asili, hata babu yake alikuwa hivyo." Siku zinapita, miaka inapita, na kimo kinachopotea utotoni hakipatikani kila wakati. Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu, wakamjibu kuwa haruhusiwi maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwakemea vikali waliomjibu, akabainisha kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza. Tuyazingatie haya, ndugu zangu. Watu wale walikuwa na nia njema, lakini walisema juu ya mwili wa mgonjwa bila ya elimu, na nia yao haikumrudishia uhai.

Kosa la tatu ni la jamaa na majirani. Mtoto anapokonda, kidole cha kwanza huelekezwa kwa mama. Huyu atasema hamlishi, yule atasema amempa maziwa mabaya, mwingine atanong'ona kuwa pana jicho au hasidi. Kusoma dua na kumsomea mtoto Qur'ani ni jambo jema, wala hatulipingi hata kidogo. Lakini dua haikuja kumzuia mtu kwenda kwa tabibu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwaamrisha watu wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Ama kumtuhumu mama wa watu kwa jambo usilolijua, hiyo ndiyo dhana iliyokatazwa katika Surat Al-Hujurat aya ya 12.

Basi mzazi afanye nini katika kipindi hiki cha "huenda"? Katika Surat Al-Baqara aya ya 233, Mwenyezi Mungu amezungumzia kunyonyesha na kumwachisha mtoto ziwa. Humo amekataza mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe wala baba kwa ajili ya mwanawe, na ameijaalia kuachisha ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baina yao. Chakula cha mtoto, basi, ni jambo la shura ya wazazi wawili. Si la mama peke yake jikoni, wala si la baba kutoa amri akiwa barazani.

Washauriane, na wagawane kazi. Mama aandike kila siku alichokula mtoto, choo chake kilivyokuwa, na uzito wake kila anapopimwa. Baba agharimie vipimo, kwani matibabu ya mtoto ni katika matunzo yaliyo juu yake. Wamwombe tabibu kipimo cha kingamwili za seliaki pamoja na kipimo cha jumla ya kinga iitwayo IgA, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa kinga hiyo anaweza kuonekana mzima kwa makosa. Damu ikionyesha dalili, huenda ikahitajika kuchukuliwa kipande kidogo cha utumbo kwa mpira maalumu. Mwongozo wa mabingwa wa watoto wa Ulaya wa mwaka 2020 umeruhusu kuacha hatua hiyo pale kingamwili zinapokuwa zimefikia mara kumi au zaidi ya kiwango cha kawaida na kipimo cha pili cha damu kikakubaliana. Na kwa aliyekwisha kuacha ngano, asimfiche tabibu wake. Kipo kipimo cha nasaba kisichotegemea chakula: kikikosa alama zake, seliaki karibu inaondoka kabisa katika hesabu, lakini kikizikuta hakithibitishi kitu, kwani watu wengi wazima wanazo.

Tunajua kuwa vipimo hivi havipatikani katika kila kituo cha afya, na ni ghali. Hapa tunawakumbusha wenye uwezo na kamati za misikiti: tumezoea kuchangia sanda na hitima, basi tuchangie pia nauli na kipimo cha mtoto aliye hai.

Wakati mwingine hata baada ya vipimo vyote jibu hubaki "huenda": damu inaonyesha dalili na utumbo bado ni mzima. Mtoto wa namna hii huangaliwa na kupimwa tena kwa vipindi. Subira kwa mzazi wake ni kurudi kliniki kila tarehe iliyoandikwa, hata kama mtoto siku hiyo anacheza na kucheka.

Yapo mambo mawili ya jikoni ambayo wengi hawayatambui. La kwanza ni uji wa lishe. Mtoto anapokonda hukimbiliwa uji huo, na mara nyingi unga wake umetiwa ngano. Ni neema kwa watoto wengi, lakini kwa mwenye seliaki ni sawa na kuuzima moto kwa mafuta ya taa. La pili ni talbina, uji wa shayiri, ambao katika hadithi ya Bi Aisha (R.A.) iliyopokewa na Bukhari umetajwa kuwa humliwaza mgonjwa. Hadithi tunaiamini, na uji huo ni wenye kheri. Lakini kheri ya chakula kwa watu wote haimlazimu yule ambaye mwili wake unadhuriwa nacho. Asali nayo imesifiwa katika Qur'ani, na bado mgonjwa wa kisukari huinywa kwa hadhari. Dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Basi bibi asiyempa mjukuu wake talbina kwa agizo la tabibu hakuipinga Sunna.

Na ikiwa maradhi yatathibitika, mzazi asikate tamaa. Dawa yake ni chakula, na chakula hicho Mola amekijaza katika ardhi yetu: wali, ugali wa mahindi, muhogo, viazi, ndizi, mtama, uwele, ulezi, kunde, samaki na nyama. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele. La kuangalia ni mashine ya kusagia, isiwe imetoka kusaga ngano, na mafuta ya kukaangia yasiwe yamekaangiwa maandazi. Siku ya Idi, jamaa wasimshawishi mtoto kwa kipande cha keki wakisema kidogo hakidhuru. Kwake yeye, kidogo kinadhuru. Wala asicheke mtu wala asichukie mtoto anapokataa sahani ya bokoboko, Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula, akikipenda hula, asipokipenda hukiacha.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatutaulizwa kwa nini mtoto aliumwa, kwani hilo ni katika kadari ya Mola. Tutaulizwa tulifanya nini tulipoambiwa "huenda". Mchunga mwema akisikia kishindo usiku hachinji kondoo kwa hofu wala hajifuniki shuka akalala. Huwasha taa akaenda kuangalia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu wagonjwa, awape wazazi wao subira na maarifa, na atujaalie kuwa msaada kwao wala si mzigo juu yao. Amin. Wabillahi tawfiq.