Ufunguo wa Ghala U Mkononi mwa Nani?

Mkulima aliyevuna mahindi yake hayapeleki yote katika ghala la mtu asiyemjua, lililo katika nchi asiyopata kuiona, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu bila hata gunia moja la kuanzia msimu. Akifanya hivyo majirani watamcheka, na mkewe atakuwa na haki ya kumwuliza maswali. Lakini jambo hilo hilo hufanywa kila siku na watu waliosoma, nao hulifanya kwa majivuno. Huandika insha zao, hesabu zao za duka, maazimio yao ya kazi, orodha zao za majina na barua zao katika programu zikaazo kwenye mtandao, na hati yenyewe isiwemo katika tarakilishi yao wala katika simu yao. Imo katika mashine ya kampuni fulani, pengine ng'ambo ya bahari. Wao wana nywila tu, na nywila si hati.

Nasema waziwazi kwamba desturi hii ni mbaya, na kwamba mwalimu amfundishaye kijana kuzitumia programu hizo pasipo kumfundisha namna ya kuitoa kazi yake humo amemfundisha nusu ya somo, tena nusu iliyo nyepesi.

Wala mtu asidhani kuwa nazichukia zana hizi. Ni njema, na baadhi yake ni za ajabu. Mwaka 1978 mwanafunzi mmoja wa chuo cha biashara cha Harvard, Dan Bricklin, alifikiri juu ya jedwali la hesabu lichorwalo ubaoni: tarakimu moja ikikosewa, mwalimu hana budi kufuta na kukokotoa upya safu nzima. Akashirikiana na rafiki yake Bob Frankston, na mwaka 1979 programu yao iitwayo VisiCalc ikaanza kuuzwa kwa ajili ya tarakilishi ya Apple II. Ilikuwa ukurasa wa safu na mistari uliojikokotoa wenyewe: badili tarakimu moja, na nyingine zote ziitegemeazo hubadilika mara moja. Watu walinunua tarakilishi kwa sababu ya programu hiyo peke yake. Mwenye duka wa Kisumu au wa Malindi afanyaye leo hesabu ya bidhaa zake katika lahajedwali anakula matunda ya wazo lile.

Kadhalika mwaka 2005 ilitokea programu iitwayo Writely, iliyomwezesha mtu kuandika hati ndani ya kivinjari cha intaneti, bila kuweka programu nyingine yoyote ya kuandikia katika tarakilishi yake. Google iliinunua mwaka 2006, na kutokana nayo ikajengwa Google Docs. Kwa zana hiyo wanafunzi wanne, huyu akiwa Nakuru na yule akiwa Voi, waweza kuandika ripoti moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiliona neno la mwenzake likitokea herufi kwa herufi. Asiyeona faida hapo ni mkaidi tu.

Lakini yafaa tuangalie tofauti kubwa iliyopo baina ya zana hizi mbili. VisiCalc iliuzwa ndani ya diski. Aliyeinunua aliichukua, akaenda nayo kwake. Baada ya miaka michache biashara ya waliyoitunga iliharibika. Mwaka 1985 mali yao ikanunuliwa na kampuni ya Lotus, iliyokuwa mshindani wao, na Lotus ikaacha kuiuza. Je, VisiCalc ilitoweka? Haikutoweka. Toleo lake la mwaka 1981 lililotengenezwa kwa tarakilishi ya IBM, lenye ukubwa usiofika baiti 28,000, lipo hata leo, na mtu mwenye subira aweza kuliendesha na kupiga hesabu kwalo. Biashara ilikufa, zana ikabaki, kwa sababu zana ilikuwa mkononi mwa mnunuzi.

Sasa tazama yaliyotokea upande wa pili. Google Reader ilianza mwaka 2005. Kazi yake ilikuwa kukusanya makala mapya kutoka tovuti nyingi na kuyaweka mahali pamoja, ili msomaji asihangaike kubisha hodi kila mlango. Watu waliipenda, wakaizoea, wakapanga asubuhi zao kwa kuifuata. Tarehe 13 Machi 2013 Google ilitangaza kwamba itaifunga. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo ikaifunga. Maelfu ya watu walilalamika na kutia sahihi maombi, na maombi hayo hayakubadili siku hata moja. Waliosalimika ni wale walioichukua mapema orodha ya tovuti zao katika faili moja dogo, wakaenda nalo katika programu nyingine, wakaendelea kusoma kama kwamba hapakuwa na msiba.

Habari ya Wunderlist yasikitisha zaidi. Hiyo ilikuwa programu ya kuandikia orodha ya mambo ya kutenda, iliyotungwa Berlin na kutolewa mwaka 2010. Microsoft iliinunua mwaka 2015. Mwaka 2019 mwanzilishi wake, Christian Reber, aliomba hadharani arudishiwe kwa kuinunua, ili isife. Hakurudishiwa. Tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa, na waliokuwa wakiitumia wakaelekezwa kuhamia programu nyingine ya Microsoft iitwayo To Do. Ikiwa mtu aliyeizaa zana mwenyewe hakuweza kuiokoa, wewe uliyeipata bure kwa kubonyeza kitufe utaiokoa kwa nguvu gani?

Wauzaji wameyaita maghala yao "wingu". Ni jina zuri, na huenda ni kweli kuliko walivyokusudia, maana wingu hupita na upepo. Walakini hakuna wingu. Kuna nyumba kubwa zenye mashine nyingi, zenye kufuli, zenye mwenyewe, na zenye ankara ya umeme; na mwenyewe akiona kuwa nyumba haimlipi huizima taa.

Kwa kweli yako mambo ambayo mtumiaji wa kawaida hayajui mpaka siku ya mashaka. Mtu ajua kwamba ana hati ya Google Docs katika tarakilishi yake, kwa kuwa aiona katika kabrasha lake, ina jina na alama yake. Akilinakili faili hilo katika flashi akaenda nalo kijijini pasipo mtandao, hatakuta insha yake. Faili lile ni dogo mno, na ndani yake hamna hata sentensi moja ya insha. Mna anwani tu ya mahali insha ilipo. Amebeba anwani ya ghala akidhani amebeba mahindi. Kosa hilo haliepukiki kwa akili nyingi. Huepukika kwa kuambiwa tu, na haambiwi.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mwenzetu mmoja aliandika maandalio yote ya masomo yake ya mazoezi ya kufundisha katika programu moja ya mtandaoni, ambayo sitaitaja. Alikuwa mwenye bidii kuliko wengi wetu. Wiki ya ukaguzi ilipowadia, programu ile ilikuwa imebadili masharti yake, ikadai malipo kabla ya kumwonyesha hati za zamani. Mkaguzi akasimama mlangoni mwa darasa, akanyosha mkono kuomba maandalio. Mwenzetu alikuwa na simu nzuri na maneno mengi ya kujieleza. Karatasi hakuwa nayo.

Masharti kubadilika si jambo la nadra. Evernote, programu mashuhuri ya kuwekea kumbukumbu, ilikuwa na watumiaji wasiolipa waliotunza humo maandishi ya miaka mingi. Mwezi Desemba 2023 iliweka sharti kwamba asiyelipa asiwe na kumbukumbu zaidi ya 50. Aliyekuwa nazo nyingi kuliko hizo aliruhusiwa kuzisoma na kuzitoa, lakini kuongeza mpya hakuweza mpaka alipe. Siilaumu kampuni kwa kutaka fedha. Mfanyakazi hustahili ujira wake. Namlaumu amwambiaye kijana kwamba kitu ni cha bure, bila kumwambia kwamba bei hutajwa baadaye, wakati mnunuzi ameshajaza ghala na hawezi kuhama kwa wepesi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na hawa si ndugu zetu.

Na mtandao wenyewe je? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ikadhoofika Kenya, Tanzania na nchi nyingine za jirani kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na hati yake ndani ya tarakilishi aliendelea kuandika. Aliyekuwa nayo kwenye mtandao peke yake alikaa akitazama duara likizunguka. Tena kwa mwanafunzi wengi wetu hatuhitaji waya wa baharini ukatike. Kifurushi cha data kikiisha Jumamosi jioni, yatosha.

Nawasikia wapinzani wangu, na hoja yao si dhaifu. Husema: simu huibwa katika matatu, tarakilishi huangushwa, flashi iliyochomekwa katika mashine ya saiba hurudi na virusi, lakini hati iliyo kwenye mtandao hungoja pale pale, na mwenyewe akipata simu nyingine huikuta salama. Ni kweli tupu. Wanafunzi wengi wamepona kwa njia hiyo, na wengine waliodharau mtandao wamelia kwa kupotelewa na kila kitu. Lakini hoja hii yathibitisha nini? Yathibitisha kwamba ghala moja halitoshi. Haithibitishi kwamba ghala la mbali ndilo liwe moja hilo. Mwenye hekima huweka mbegu mahali pawili, na mojawapo ni mahali anapoweza kufika kwa miguu yake.

Wengine hunijibu kwamba makampuni makubwa huruhusu watu kutoa kazi zao. Hili nalo ni kweli, na yafaa wasifiwe kwalo. Tangu mwaka 2011 Google ina huduma iitwayo Takeout, ambayo kwayo mtu aweza kuchukua vitu vyake vingi kwa mara moja. Na kila hati ya Google Docs yaweza kupakuliwa moja moja ikiwa maandishi ya kawaida au faili la programu nyingine. Mlango upo. Ninalouliza ni hili: kati ya wanafunzi arubaini wa darasa lako, ni wangapi waliokwisha kuufungua? Mlango usiojulikana na aliye ndani ni sawa na ukuta.

Hapa ndipo ninapogombana na wale wasifuo zana mpya kila juma. Utawasikia wakitaja programu ishirini za kumwokolea mtu wakati: hii ya kupanga saa, hii ya kuandika orodha, hii ya kukumbusha juu ya orodha, na nyingine ya kuunganisha zile tatu. Kijana akizijaribu zote juma limekwisha, na insha haijaanzwa. Wapimaji hao hutazama sura ya programu, rangi zake na wepesi wake. Sijamsikia mmoja wao akianza kwa kuuliza: nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. La pili ni kama kile nitakachoondoka nacho chaweza kufunguliwa na programu nyingine isiyo ya kampuni hiyo. Programu isiyoweza kuyajibu hayo mawili, hata ikiwa tamu kama asali, naiona ni ya kuchezea tu.

Majibu mazuri yapo, tena hayagharimu fedha. Faili la maandishi matupu, lisilo na mapambo, hufunguka katika karibu kila tarakilishi iliyopo na katika simu nyingi. Jedwali laweza kuhifadhiwa kama mistari ya maandishi yaliyotengwa kwa mkato, na kila lahajedwali hulisoma. Kwa hati zenye vichwa na picha liko umbo liitwalo OpenDocument, lililokubaliwa na shirika la ISO kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 2006. Nalo ndilo litumiwalo na LibreOffice, programu itolewayo bure tangu mwaka 2010 na ikaayo ndani ya tarakilishi yenyewe, mtandao uwepo usiwepo. Wala isidhaniwe kuwa hayo ni mambo ya wageni. Kabla ya LibreOffice ilikuwako OpenOffice, na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa toleo lake la Kiswahili, wakaliita Jambo OpenOffice. Waliweza kufanya hivyo bila kuombaomba ruhusa, kwa kuwa programu ile ilikuwa wazi kwa kila mtu kuichukua na kuitengeneza. Jaribu kuitafsiri kwa mikono yako programu iliyofungwa katika seva ya mtu mwingine uone.

Basi nataka jambo moja katika shule zetu, na si kubwa. Katika wiki ya mwisho ya kila muhula itengwe saa moja ya somo la tarakilishi. Kila mwanafunzi azitoe kazi zake zote katika programu za mtandaoni, azipe majina yenye tarehe, aziweke katika kabrasha moja la tarakilishi ya shule na katika flashi yake au simu yake. Kisha mwalimu auzime mtandao, na kila mmoja aifungue nakala yake mbele ya mwenzake, kwa programu nyingine isiyo ile aliyoiandikia. Hati isiyofunguka isihesabiwe kuwa imehifadhiwa. Najua walimu watasema kipindi hakipo na silabasi ni ndefu. Silabasi ni ndefu, lakini ni saa tatu tu kwa mwaka. Na kijana ambaye kazi yake haikufunguka atakuwa amelijua jambo hilo darasani, mwalimu akiwa karibu naye na nakala ya mtandaoni ingalipo, badala ya kulijua usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi mradi wake kwa watahini.