Haidroli za jua kali: Nani hupima usalama wa kazi ya mafundi wa Changamwe?

KANDO ya barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Nairobi, kuanzia Changamwe hadi Miritini, karakana za mafundi wa jua kali zimekuwa tegemeo la wenye malori kwa miaka mingi. Humo ndimo lori la kawaida hugeuzwa tipa, na humo pia baadhi ya wakulima wa Kwale na Kilifi hupeleka matrela na majembe ya matrekta yao yatiwe mfumo wa haidroli, ili kazi iliyohitaji wanaume wanne ifanywe kwa kusukuma mkono mmoja wa vali.

Ni ujuzi wa kujivunia. Hata hivyo, kuna swali ambalo limeachwa bila jibu kwa muda mrefu: kazi hiyo inapokamilika na mteja kulipa, ni nani anayeipima kabla mtu hajaingia chini ya trela lililoinuliwa?

Sababu ya wakulima kukimbilia karakana hizo si ngumu kuielewa. Mtambo mpya kutoka kwa wauzaji wakubwa humshinda mkulima mdogo. Fundi wa jua kali hutwaa silinda iliyotolewa katika tipa kuukuu au katika mashine ya kunyanyulia mizigo, akaibadilishia mipira ya ndani, akaichomelea chini ya trela, kisha akaiunganisha na pampu ya trekta kwa mabomba. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, trekta kutoka Kwale halilazimiki tena kupanga foleni ya feri Likoni ili lifike kwa mafundi wa Changamwe.

Ubunifu huu wenyewe si mgeni katika historia ya kilimo. Trekta la Ford-Ferguson lililotolewa mwaka wa 1939, lenye mikono mitatu ya nyuma inayoinuliwa kwa haidroli, lilitokana na majaribio ya miaka mingi ya Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyeanzia katika karakana ya magari. Kwa maana hiyo, fundi wa Changamwe anatembea katika njia iliyopitwa na wengi.

Lakini Afrika Mashariki ina somo jingine lililo chungu. Katika mradi wa karanga wa Tanganyika ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka wa 1947, vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kufyeka msitu. Mitambo ilivunjika, ardhi ya Kongwa ikayashinda majembe, na kufikia mwaka wa 1951 mradi ulikuwa umeachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Kilichokosekana hapo ni majaribio ya kutosha kabla ya kazi kuanza. Fedha na wahandisi walikuwapo.

Hatari ya haidroli ni kuwa haionekani. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kadiri ya baa mbili na nusu. Mafuta katika mfumo wa haidroli wa trekta husukumwa kwa nguvu ya baa 150 hadi 200, au hata zaidi. Bomba likitoboka tundu dogo, mafuta hutoka kama sindano na hupenya ngozi ya mkono. Jeraha huonekana dogo na maumivu ya mwanzo huweza kuwa machache, ilhali ndani nyama inaharibika. Aliyejeruhiwa huhitaji upasuaji wa haraka, na akichelewa anaweza kukatwa kidole au mkono mzima. Kwa mtu anayedhani amechomwa tu na kipande cha waya, kuchelewa ndilo jambo la kwanza analolifanya.

Hatari ya pili ni uzito ulioning'inia. Trela lililoinuliwa hushikiliwa na mafuta peke yake. Mpira wa silinda ukikatika au mtu akiugusa mkono wa vali kwa bahati mbaya, linashuka. Ndiyo maana fundi makini huweka mhimili wa chuma kabla ya yeyote kuingia chini, na hufunga vali ya kupunguzia nguvu ili mzigo ukizidi, mafuta yarudi kwenye tangi badala ya kupasua bomba. Vali hiyo haionekani na mteja, wala haiongezi kasi ya kazi. Panapokuwa na ushindani wa bei, ndicho kifaa cha kwanza kuachwa.

Tatizo la tatu ni spea. Vipuri vya kuukuu hutoka Japani, Uingereza na Marekani, na nyuzi za skrubu zao hazifanani. Kiungo cha nchi moja kinaweza kulazimishwa kuingia katika cha nchi nyingine, kikakaza, kikaonekana sawa, kisha kikaachia siku mzigo unapokuwa mzito. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu mwezi Januari 2022, kufuatia uharibifu wa milingoti ya umeme, hadi ilipoiruhusu tena mwezi Mei mwaka huo, karakana zinazotegemea vyuma hivyo ziliguswa moja kwa moja. Marufuku iliwalenga wezi, lakini fundi mwaminifu naye alibeba gharama yake.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kuinulia mizigo ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Sheria ya Biashara Ndogo Ndogo ya mwaka 2012 iliunda mamlaka ya kuziendeleza karakana kama hizi. Mpango wa kufufua uchumi wa mwaka 2009/2010 nao uliahidi vituo vya jua kali katika kila eneo bunge, ingawa vingi vilikaa miaka mingi bila mitambo. Pengo lililopo ni kati ya karatasi na karakana. Fundi humwona mkaguzi kama mtu wa kumfungia kazi, hivyo humkwepa. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Kwingineko duniani mjadala umechukua sura nyingine. Nchini Marekani, wakulima wamepigania haki ya kutengeneza matrekta yao wenyewe, na jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki hiyo mwaka 2023. Mwezi Januari 2025, tume ya biashara ya nchi hiyo iliishtaki kampuni ya John Deere kwa madai ya kuwabana wakulima katika matengenezo. Huko mkulima anadai ruhusa ya kuufungua mtambo. Changamwe ruhusa hiyo haijawahi kuombwa. Kinachodaiwa ni mtu wa kuthibitisha kuwa mtambo uliofunguliwa umefungwa vyema.

Jibu halimo katika kufunga karakana. Kufanya hivyo kungewapeleka mafundi uani, ambako hakuna jicho litakalowaona. Njia iliyo bora ni kuweka kituo kimoja cha majaribio Changamwe au Miritini, chenye kipimo cha nguvu ya mafuta na mzigo wa majaribio, ambako mtambo wowote uliogeuzwa ungepimwa kwa ada ndogo na kupigwa muhuri. Fundi anayefaulu mtihani wa ufundi wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, naye apewe nafasi ya kutahiniwa katika haidroli kwa kazi aliyoizoea, hata kama hakukanyaga chuo.

Gharama ya kituo kama hicho ni ndogo ikilinganishwa na mkono mmoja uliokatwa. Mkulima angejua anachonunua, fundi angekuwa na jina la kulinda, na serikali ya kaunti ingeanza kuijua kazi inayofanyika kila siku kando ya barabara yake kuu. Hadi hapo, usalama wa aliye chini ya trela utabaki kuwa dhamana ya dhamiri ya fundi peke yake.