Mlango wa Gereji Ukikwama

Hapa pwani hewa ya chumvi hula chuma upesi. Mlango wa gereji unaosukumwa juu ya reli ukianza kukwaruza au kukwama, usilazimishwe. Huenda reli imepinda au imejaa mchanga, ama magurudumu yameliwa na kutu. Mlango mzito kama huo ukitoka relini huweza kumwangukia mtoto na kumuua. Basi usitumiwe, na watoto wasiukaribie, mpaka utengenezwe.

Katika kutafuta fundi, anza kwa jirani aliyetengenezewa mlango kama wako. Nenda ukauone ukisukumwa. Fundi hodari wa kuchomelea huipima reli kwa pimamaji, hukagua kila gurudumu, na huweka vizuizi imara kwenye ncha za reli na vishikizo vya juu ili mlango usianguke. Anayepaka rangi juu ya kutu amekufichia maradhi, hakuyatibu.

Patanieni bei ya vifaa na ya kazi, muiandike kabla hajaanza, na sehemu ya malipo ibaki hadi mlango usukumike kwa wepesi. Baadaye, mchanga uondolewe relini kila wiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.